Taa Niliyoihamisha Luanda Kotieno

Anyango, binti yangu,

Umeenda kusukwa nywele na umesema utarudi saa moja. Mama yako yuko chumbani anapiga pasi yunifomu yako ya uuguzi. Mambo ya blanketi, ya dawa, ya kutoshika simu mkononi ukishuka gari Nakuru, ameshakwambia yeye, tena amekwambia vizuri kuliko ningeweza. Mimi nimekaa hapa mezani na daftari langu la vipimo vya waya, na ninayo masaa mawili ya kuandika jambo ambalo mdomo umenishinda.

Jumapili uliniuliza kwa mara ya tatu kwa nini sitaki ukae kwa Odongo. Nyumba yake iko karibu na chuo, ana chumba kitupu, na ni yeye mwenyewe aliyepiga simu akasema mtoto wa ndugu yake hawezi kupanga chumba kwa watu asiowajua. Nikasema hapana. Ukauliza sababu. Nikasema hapana tena. Ndipo uliposema, mbele ya mama yako, "Baba, wewe una wivu tu. Anko ameendelea, wewe umebaki hapo hapo na ngazi yako."

Nilichukua daftari langu nikatoka nje. Najua ulijuta hata kabla hujamaliza. Lakini maneno hayo nimekaa nayo siku nne. Nimekuacha umpende Odongo miaka yote hii, ukapokea zawadi zake, ukamwita Anko, na sasa nataka umkatae kwa amri yangu tu. Hiyo si haki. Kwa hiyo soma hii barua yote, halafu uamue mwenyewe.

Odongo na mimi tumetoka kijiji kimoja, huko juu ya Luanda Kotieno. Tulikalia dawati moja shuleni. Siku ulipozaliwa mimi nilikuwa Maseno, nafunga waya kwenye nyumba za kupangisha wanafunzi, simu yangu imezima. Odongo ndiye aliyempakia mama yako kwenye pikipiki akamfikisha hospitali. Nilipofika nilimkuta amekaa nje kwenye benchi, viatu vimejaa tope. Akaniambia, "Omera, ndugu yangu, una msichana. Ana sauti." Nakwambia hili kwanza kwa sababu ni kweli, na sitaki ufikiri nimelisahau. Kama angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, haya yote yangeniuma kidogo tu.

Ulipokuwa na miaka kumi na moja, Odongo alikuwa katibu wa kikundi cha wavuvi pale ufukweni Luanda Kotieno. Kikundi kilikuwa na stoo ya mawe. Humo waliweka nyavu, mitungi ya petroli na injini mbili za mashua. Kwenye mlango wa mbele nilikuwa nimewafungia taa ya usalama, ile yenye jicho, ambayo mtu akipita inawaka yenyewe halafu baada ya muda inazima. Ilifanya kazi vizuri. Waya wake ulitoka moja kwa moja kwenye boksi la mita, haukupitia swichi yoyote.

Kisha akina mama wakaanza kukaanga samaki mbele ya stoo jioni, na taa ikawa inawaka saa zote bila maana. Huku nyuma, upande wa ziwa, mlango wa pili ulikuwa gizani. Kikundi kikakata shauri taa ihamishwe, itoke mbele iende nyuma. Wakaniita.

Kazi ya kuhamisha taa ile ilikuwa ya siku nzima kama ingefanywa inavyotakiwa. Nilitakiwa kuvuta waya mpya kutoka boksi la mita, kuzunguka ukuta wote hadi nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kupima Odongo alipokuja akasimama chini ya ngazi.

"Sasa wewe unataka kuzunguka nyumba nzima kwa nini?" akaniuliza. "Ndani ya stoo kuna balbu. Chukua moto wa umeme hapo. Toboa ukuta, utokee nje. Saa moja umemaliza."

Nikamwambia, "Hiyo balbu iko na swichi. Mtu akizima swichi, taa ya nje nayo inakufa."

"Basi tutoe balbu. Swichi ikae imewashwa siku zote. Nani atakuja kuizima, na ufunguo wa stoo ni mimi na mwenyekiti tu?"

Anyango, nilijua si sawa. Mwalimu wangu wa umeme angenipiga kofi. Taa ya ulinzi haichukuliwi moto kwenye swichi ambayo mtu anaweza kuifikia kwa mkono. Lakini jua lilikuwa kali, ukuta ulikuwa wa mawe, na aliyekuwa ananiambia ni Odongo. Ingekuwa mtu mwingine ningembishia. Nikatoa balbu, nikaunganisha waya pale pale, nikatoboa ukuta, nikaifunga taa nyuma. Ile swichi nikaibandika tepu nyeusi juu yake ili isiguswe, na kwenye tepu nikaandika kwa kalamu nyeupe: USIZIME.

Mlinzi wa pale alikuwa Mzee Ogutu. Unamkumbuka? Mrefu, mguu mmoja unachechemea, alikuwa anakupa miwa tukienda kwa nyanya. Yeye hakuwa na ufunguo wa stoo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nje na rungu na tochi.

Miezi miwili baada ya kuhamisha taa akanipigia simu. "Fundi, taa yako inalala siku zingine. Napita mbele yake mara tatu, haiamki."

Nikaenda. Odongo akanifungulia stoo. Alitangulia kuingia, akisema anatoa nyavu njiani nisijikwae, kisha nikaingia mimi. Nikapanda ngazi, nikafungua taa, nikatazama kama maji yameingia. Kukavu. Nikakaza skrubu za waya. Kuna kitufe kidogo cha kuzungusha, chenye picha ya jua na mwezi. Ukikizungusha upande wa jua, taa inawaka hata mchana, na hivyo fundi anaweza kuijaribu. Nikakizungusha, nikapita mbele ya jicho, ikawaka. Nikapita tena, ikawaka.

"Mzee," nikamwambia Ogutu, "taa ni nzima. Labda ni wadudu wamekaa kwenye jicho."

"Hakuna wadudu," akasema. "Inalala."

Alinipigia mara ya pili, na ya tatu. Kila mara nilienda, kila mara Odongo alitangulia ndani, na kila mara taa iliwaka. Safari ya tatu nilibadilisha jicho zima nikaweka jipya. Safari ya nne sikwenda. Nilimwambia kwenye simu, na watu walikuwa karibu wakacheka, "Jaduong', mzee wangu, inayolala ni wewe, si taa."

Nimeyasema maneno yale mara moja tu maishani mwangu, lakini nimeyasikia mara nyingi sana.

Siku hizo vitu vilikuwa vinapungua stoo. Kwanza wavu mmoja, watu wakasema umehesabiwa vibaya. Halafu mtungi wa petroli. Kisha asubuhi moja mlango wa nyuma ulikutwa wazi, kufuli limevunjwa, na injini moja haipo. Injini ile ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba kumi na kitu.

Ufuko mzima ukakusanyika. Mzee Ogutu akasema taa haikuwaka usiku ule, na yeye alikuwa upande wa mbele. Wakaniita mimi nije niseme. Nikaenda na ngazi yangu mbele ya watu wote, nikazungusha kitufe upande wa jua, nikapita mbele ya jicho. Taa ikawaka. Nikaambiwa nipite tena. Ikawaka tena.

"Fundi, taa ina kasoro?" Odongo akaniuliza, kwa sauti ya katibu.

"Haina," nikasema.

Mzee Ogutu alinitazama. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" na wengine wakadakia. Mtu akamnyang'anya rungu. Mkewe, Mama Helida, alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, pale pale. Akafunga gunia lake akaondoka nyuma ya mumewe, na watoto wakawafuata hadi barabarani wakiimba jina hilo. Baada ya wiki walivuka kwa feri, wakahamia upande wa Mbita kwa ndugu za mkewe. Polisi hawakumshika kwa sababu hakukuwa na ushahidi. Lakini ufuko ulikuwa umeshamhukumu, na shahidi wao nilikuwa mimi.

Sikulala vizuri. Sikuwa bado na huruma, nisikudanganye. Kilichonisumbua ni ufundi. Mzee aliniita mara nne. Mtu anayeiba na taa haimwangazi, kwa nini aite fundi aje aitengeneze? Nikarudi Luanda Kotieno mchana mmoja bila kumwambia Odongo. Nikamwomba mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima, anifungulie. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili, lakini wiki ya wizi alikuwa Maseno kwa binti yake aliyejifungua, na ufunguo alikwenda nao. Hilo kila mtu alilijua.

Safari hii niliingia wa kwanza.

Nilianza juu nikashuka chini, jinsi tunavyofundishwa. Kitufe nikakiweka upande wa jua. Jicho zima. Waya mzima. Moto unafika. Mahali pa kuunganisha pakavu. Nikabaki na kitu kimoja ambacho sikuwahi kukitazama kwa sababu nilikifunga mwenyewe: swichi. Tepu yangu ilikuwa pale, na neno langu juu yake. Nikaigusa kwa kidole, ikabanduka kama jani. Tepu ambayo haijaguswa mwaka mzima inang'ang'ania, unaikwangua kwa kisu. Hii gundi yake ilikuwa imejaa vumbi na nyuzi za nguo, na pembeni ilikuwa imekunjika pale pale, kama ukurasa unaofunguliwa kila siku. Ilikuwa imebanduliwa na kurudishwa mara nyingi.

Nikazima swichi. Nikatoka nje, nikapita mbele ya jicho. Kimya. Nikarudi, nikawasha, nikapita. Ikawaka. Mwenyekiti aliniuliza, "Umeona kitu?" Nikamwambia, "Bado natafuta."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Nilimkuta Odongo nyumbani kwake anakunywa chai. Nikamwekea ile tepu mezani. Aliitazama, akamaliza chai yake, akaweka kikombe chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilitaka anibishie, Anyango. Nilikuwa tayari kuamini neno lolote ambalo angesema.

Akasema, "Nilikuwa na shida. Ukiwa na shida hutangazi."

"Na Ogutu?"

"Ogutu ni mzee. Atapata kazi nyingine."

"Ulinichagulia mahali pa kuchukua moto," nikamwambia. "Siku ile ile ya kwanza. Ulikuwa umeshapanga?"

Hakujibu hilo. Mpaka leo hajajibu. Alisema tu, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu, "Omera, hiyo taa nani aliiunganisha kwa swichi? Ni mimi? Nani alisema mbele ya watu wote kwamba haina kasoro? Ukienda kusema, utaanza na wewe. Watauliza ulipata nini. Nani atakuamini kwamba hukujua?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti ambacho nimekikalia tangu ujana. Nikaona kwamba mtu huyu ananijua kuliko mtu yeyote duniani. Anajua kwamba mimi naogopa kuchekwa. Anajua kwamba sibishani naye. Alijua vyote hivyo kama mimi ninavyojua ni waya gani una moto, na alishika hapo hapo.

Nikaondoka. Sikusema kitu kwa mtu. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, halafu nikajiambia baada ya Pasaka. Kisha Odongo akaanza kuniletea kazi. Shule fulani ilitaka kufungwa umeme, akanitaja. Nyumba za kanisa, akanitaja. Sikumwomba, lakini sikukataa. Kazi hizo ndizo zilizokupeleka sekondari. Nimefikiri sana kama niandike sentensi hiyo, na nimeiandika kwa sababu ukija kuisikia kwa mtu mwingine utaniuliza kwa nini niliificha. Wewe huna kosa lolote ndani yake. Ulisoma, ukapita, huo ni wako.

Alipohamia Nakuru na kufungua duka lake la vifaa vya ujenzi, nilishukuru Mungu. Nilifikiri akiwa mbali itaisha. Haikuisha. Kila alipokutumia zawadi ya Krismasi nilikuwa naona mzee anachechemea kwenda barabarani. Watu hufikiri ukisalitiwa unabaki msafi na mwenzako anabaki mchafu. Mimi nilisalitiwa na rafiki, kisha nikachukua usaliti huo nikampelekea mzee asiye na hatia, na nikarudi nyumbani kula.

Kwa hiyo uliponiambia Jumapili kwamba nina wivu, niliondoka asubuhi yake. Nilikwambia naenda kazini Ahero. Nilienda Luanda Kotieno, nikapanda feri hadi Mbita.

Nilimkuta Mzee Ogutu amekaa nje ya nyumba, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Amezeeka sana. Alinitambua kabla sijasalimia. Akamwita mkewe alete kiti, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mama Helida alileta kiti, akakiweka, asinisalimie.

Nikamweleza kila kitu. Swichi, tepu, Odongo, kikombe cha chai, kazi za shule. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza alitazama mahindi kwanza.

"Kwa hiyo taa ilikuwa inalala," akasema.

"Ilikuwa inalala, Mzee. Ulisema kweli."

"Nilisema kweli," akarudia, kama anaonja neno. Halafu akaniuliza, "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mimi nilifukuzwa mbele ya watu wangapi?"

Nilitazama beseni lake la mahindi.

"Wewe unakuja kuniambia hapa, mimi na mke wangu na kuku," akasema. "Nifanye nini na hayo maneno? Niyaweke wapi? Nimpelekee nani?"

Mama Helida ndipo aliposema, akiwa amesimama mlangoni. Alisema mjukuu wao aliitwa mjukuu wa mwizi shuleni hadi akabadilishwa shule. Alisema mume wake hajakanyaga Luanda Kotieno tena, hata kaka yake alipozikwa. "Alizikwa na ndugu yake yuko ng'ambo ya maji anaangalia," akasema. "Wewe fundi ulikuwa unafunga taa za nani siku hiyo?"

Nilipiga magoti, Anyango. Mzee akanikataza. "Simama," akasema. "Mimi sitaki magoti. Nataka uende pale pale, siku ya mkutano, watu wakiwa wengi, useme ulivyosema hapa. Nami nitakuwepo. Nitavuka."

Nikamwambia nitasema. Sikumwomba anisamehe, na yeye hakutaja neno hilo. Aliniambia niwahi feri.

Mkutano wa kikundi ni Jumamosi hii, keshokutwa. Wewe utakuwa Nakuru umeshafika. Nimeongea na mwenyekiti, amenipa nafasi ya kusema, ingawa sikumwambia ni nini. Juzi Odongo alipiga simu kuuliza utafika saa ngapi aje akuchukue stendi. Nikamwambia hutafika kwake, na nikamwambia nimetoka wapi. Kisha akasema, "Utajichoma mwenyewe na moto wako," akakata.

Huenda atakupigia. Huenda atakueleza vingine, na anajua kueleza. Namba yake unayo, na sitakuambia uifute. Akikuita chai, amua mwenyewe. Nakuomba tu usilale chini ya paa lake, na usimpe nafasi ya kukufanyia wema ambao siku moja atakushika nao. Na ukiona mtu unayempenda anakuelekeza kufanya kazi yako vibaya, hata kama ni jambo dogo, hata kama jua ni kali, simama umuulize kwa nini. Utakuwa muuguzi. Kosa la fundi linazima taa. La kwako litakuwa juu ya mtu aliyelala kitandani.

Sijui Jumamosi itakuwaje. Wanaweza kunifukuza kama walivyomfukuza yeye, na watakuwa na haki kuliko walivyokuwa nayo siku ile. Wanaonipa kazi huku Kisumu watasikia, maana maneno ya ufuko yanafika hapa kwetu Kaloleni kabla ya gari. Unaweza kusikia kwa wenzako kwamba baba yako alishirikiana na wezi. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza, pamoja na sehemu ambayo ni kweli. Ninaogopa, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Mama yako nilimwambia jana mchana. Unajua jinsi alivyokuwa na Mama Helida. Walikuwa wanagawana gunia moja la omena, wakati ule sokoni. Miaka saba amekuwa akiniuliza kama ni kweli mume wa rafiki yake aliiba hadi wakaondoka bila kumuaga, na miaka saba nimekuwa nikimjibu sijui. Nilipomaliza kusema hakulia, wala hakunitukana. Alienda nje akaanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Usiku hakula nami. Ukauliza tunagombania nini, tukasema hatugombani.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, alinikuta nafunga viatu. Akasema atakuja Luanda Kotieno Jumamosi. Nikaanza kumshukuru, akanyanyua mkono kunizuia.

"Siendi kwa ajili yako," akasema. "Wewe utasimama mbele na maneno yako, hayo ni yako. Mimi nitakaa na Mama Helida. Siku ile alitoka pale bila mwanamke mwenzake hata mmoja."

Nasikia sauti yako langoni. Safiri salama, binti yangu.

Ni mimi,
Baba yako